Kiti cha Asiyekuwapo

Maman Chef hakujua kuimba. Naanza na hilo kwa sababu watu wanaomzungumzia siku hizi wanapenda kumpamba, na yeye mwenyewe hakupenda mapambo. Sauti yake ilikwaruza. Alipotaka kutuonyesha wimbo unavyokwenda, tulilazimika kuinamisha vichwa ili asituone tukicheka. Lakini masikio yake yalikuwa habari nyingine. Angeweza kukupa mgongo, akafunga dirisha la ukumbi, huku anakuambia kwamba kamba yako ya pili imelegea, na ungeijaribu ukakuta kweli imelegea.

Tulimwita hivyo kwa sababu ndiye aliyeongoza okestra yetu ya vijana, na kwetu Rusizi neno chef ni la kila mkubwa, wa ofisi na wa jikoni. Jina lake la kuzaliwa nalijua, ila simkumbuki hata mmoja wetu aliyelitumia. Naye hakutumia majina yetu. Kila mtoto alimwita kwa chombo chake. Mimi nilikuwa Alto, kwa kuwa nilipiga alto, ile fidla nene kidogo inayoimba katikati, ambayo watu huisikia pale tu inapokosea. Obua, wa ile zumari nyembamba, alikuwa msichana wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, mwenye kicheko kikubwa na pumzi ndefu. Tarumbeta alikuwa mtoto wa wakulima wa mpunga wa Bugarama, anayetoka bondeni alfajiri ili afike mazoezini Jumamosi. Hata sokoni Kamembe, mbele za watu, angekuita Klarineti na wewe ungeitika bila haya.

Alikuwa mfupi, na kwa ajili hiyo alisimama juu ya kasha la bia lililogeuzwa juu chini na kupigiliwa ubao. Mimi ni binti wa fundi cherehani, Mwislamu wa Kamembe. Siku baba aliposikia kwamba nataka kwenda kufuata mkono wa mwanamke Mkatoliki aliyesimama juu ya kasha la bia ndani ya ukumbi wa parokia, aliweka mkasi chini na kuniangalia kama mtu anayengojea mzaha uishe. Mzaha haukuisha. Kesho yake Maman Chef alikuja mwenyewe dukani na kitambaa cha sketi, akakaa kwenye benchi la wateja, akamwachia baba achukue vipimo na aseme yote aliyokuwa nayo moyoni. Baba ni mtu wa methali, kwa hiyo yalikuwa mengi. Alipomaliza, mama yule alisema jambo moja tu.

"Mzee, siombi mutoto aimbe misa. Naomba mutoto ajifunze kungojea."

Baba alinieleza baadaye kwamba alishindwa kupata methali ya kupinga hilo, maana zote alizozikumbuka zilisifu subira. Niliruhusiwa. Na sikuwahi kuimba misa. Mapumziko ya mazoezi yaliwekwa saa ya alasiri, na adhana ya Kamembe ikianza, mkono wa Maman Chef ulishuka hata kama tuko katikati ya kipande kizuri. Watoto wa Kikatoliki walizoea mpaka wakawa wanashusha vyombo kabla yetu.

Kungojea. Neno hilo lilimtoka kila Jumamosi, na nasema wazi kwamba sijapata kumwona mtu asiyejua kungojea kama yeye. Alikunywa chai ikiwa bado inaunguza, akalalamika. Kwenye foleni ya zahanati alitafuta mjomba wa kubuni aliyemtangulia. Alishuka kwenye pikipiki kabla haijasimama, hata ikambidi dereva amgombeze mtu anayemzidi umri mara mbili. Alitukataza rumba mazoezini, akisema inafanya mikono ya watoto wa fidla kuwa mivivu, na simu yake yenyewe iliita kwa rumba. Alisema makofi ni kelele za watu wasiojua la kufanya na mikono yao, lakini watu wakipiga makofi machache alinuna wiki nzima. Tulimpenda pamoja na hayo, au kwa sababu ya hayo, sijui.

Jambo moja tu hakulitania. Okestra ile ilizaliwa pande mbili za mto Rusizi, ulio mpaka wa nchi mbili. Vyombo vilikuwa Bukavu, vimeachwa na mapadri wa zamani katika ghala la shule moja. Ukumbi ulikuwa huku Cyangugu, karibu na ziwa. Watoto walikuwa kote. Kwa hiyo tangu mwanzo selo, zile fidla kubwa zinazosimamishwa kati ya magoti, na filimbi na obua zilipigwa na watoto wa ng'ambo, fidla na tarumbeta na watoto wa huku, na kila Jumamosi nusu ya okestra ilivuka daraja la Rusizi kwa miguu, kati ya wanawake wenye beseni za nyanya na vijana wenye magunia. Wasiwasi wake ulikuwa mmoja tu, na sote tuliujua: kwamba siku moja okestra itagawanyika mara mbili, yao na yetu. Aliyesema "wale wa kule" mbele yake alitumwa kufagia ukumbi.

Kontrabasi ndiyo iliyosumbua darajani. Ni chombo kirefu kuliko mtu, na kilibebwa kichwani na vijana wawili, kimefungwa shuka. Ofisa mmoja mgeni alikizuia akitaka kujua ni bidhaa gani na ushuru wake uko wapi. Maman Chef, aliyekuwa amekwenda kuwapokea watoto, aliwaamuru wakifungue pale pale, kijana akaambiwa apige. Akapiga. Wanawake wa nyanya wakatua beseni.

"Bidhaa haiimbaka, Chef," alimwambia ofisa. "Hii inaimba."

Yule bwana aliwaachia njia. Tangu siku hiyo, kila alipokuwa zamu, aliwadai wapige kidogo kabla ya kuvuka, na hilo nalo likawa ushuru wa namna yake.

Kisha mpaka ukafungwa. Ulikuwa wakati wa ule ugonjwa, kila mtu anaukumbuka, na hata mikusanyiko iliporuhusiwa tena huku kwetu, daraja halikufunguliwa. Tulirudi ukumbini nusu. Viti vya selo vilikuwa vitupu, viti vya filimbi vitupu, na kile cha Obua, kilichokuwa katikati kabisa mbele yangu, kitupu. Padri mwenye ukumbi, mtu mwema, alileta kinanda cha umeme. Alisema kinaweza kutoa sauti ya chombo chochote, ubonyeze tu, na mapengo yote yatazibika. Mimi niliona wazo zuri sana. Kwa kweli wote tuliliona zuri.

Maman Chef alimshukuru Padri, akakifunika kinanda kwa kanga, akapanda juu ya kasha lake. Alituambia tutapiga kila kipande kama kilivyo, na pale penye sehemu ya mtu wa ng'ambo, tutanyamaza na kuhesabu.

"Hapana muntu kupiga ya mwenzake," alisema. "Kiti yake iko. Muziki yake iko. Tutamungojea."

Wenye kusoma haya labda wanadhani ni jambo zuri na jepesi. Jaribuni. Kupiga muziki wenye mashimo ni sawa na kupanda ngazi gizani ukijua kwamba kuna vipandio vimeng'olewa. Mara ya kwanza tuliangukia mashimoni sote. Tarumbeta aliingia mapema, mimi nilichelewa, fidla zikaanza kucheka. Alitusimamisha, tukaanza upya, akatusimamisha tena. Kwa simu aliwapa watoto wa Bukavu sheria ile ile, nao wakawa wanakutana uani kwa wazazi wa Obua, wakipiga zao na kunyamaza zetu. Pande mbili za mto, kila Jumamosi saa ile ile, tulikuwa tunangojeana.

Baba alikuwa na methali yake tayari, na safari hii alihakikisha ameipeleka mwenyewe. Maman Chef alipopita dukani kuchukua nguo, baba alimwambia kwa upole: asiyekuwapo na lake halipo. Ndivyo wazee walivyosema, ndivyo dunia ilivyo.

"Kwetu ya kwake iko, Mzee," alijibu. "Ni yeye tu hayiko."

Tulipiga mbele ya watu mara moja katika kipindi hicho. Kuna kipande kirefu ambacho katikati yake okestra yote hunyamaza na obua huimba peke yake. Tulipofika hapo, tukanyamaza. Maman Chef, juu ya kasha lake, aliendelea kupunga mkono polepole, bila sauti yoyote, na sisi tukahesabu. Kimya kilikuwa kirefu mno. Mtu alikohoa. Wengine walidhani tumesahau, wakacheka, wachache wakatoka nje. Nilitamani kasha lile lipasuke twende zetu nyumbani. Usiku ule baba aliniuliza ni kwa nini tulinyamaza pale katikati. Nikamwambia ni mahali pa Obua. Alifikiri kidogo, kisha akauliza kama huko aliko huyo mtoto anapata chakula.

Daraja lilipofunguliwa, walivuka Jumamosi ya kwanza. Hakukuwa na hotuba. Maman Chef alitupa nafasi ya kukumbatiana, fupi, akatazama saa, akapanda kasha. "Umva," alisema, yaani sikilizeni, kwa Kinyarwanda, neno lake la kuanzia siku zote. Tukapiga kipande kile kile kirefu, bila mazoezi. Karibu kila shimo likajaa. Tulipofika mahali pale, Obua aliimba mbele yangu mahali ambapo nilikuwa nimekisikia kimya kwa muda mrefu kiasi hicho, na nililia, sifichi, mpaka mti wa alto ukalowa. Tarumbeta naye alilia, ingawa hadi leo anasema lilikuwa vumbi la Bugarama.

Kiti kimoja hakikujaa. Kijana mmoja wa selo hakuvuka. Tulikiacha kiti chake wazi, kama sheria ilivyotaka, na tuliendelea kuhesabu sehemu yake. Kisha Jumamosi moja tulifika tukakuta Maman Chef amemkalisha hapo mtoto mpya, msichana mdogo wa Nzahaha ambaye miguu yake haikufika chini. Alikuwa amempigia simu mama wa yule kijana. Kijana alikuwa amepelekwa Kinshasa kusoma, na hatarudi. Basi. Hakulieleza zaidi ya hapo, na sisi tulikuwa na furaha nyingi mno ya kuwa pamoja, hatukuliweka moyoni. Ningependa mlikumbuke hilo, maana sisi tulilisahau.

Kulikuwa na somo lake jingine ambalo tulilikumbuka vizuri, ila vibaya. Alipenda kutupeleka Nkanka asubuhi, kwenye ufuko, wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wanaporudi. Ziwani kwetu wanavua kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, na wanarudi wakiimba, makasia yote yakiingia majini pamoja. Alitukalisha juu ya mawe, vyombo vimebaki nyumbani, tusikilize tu. Mtoto wa Kamembe aliyeamshwa kabla ya jua husikiliza zaidi tumbo lake. Lakini tuliondoka na hakika moja, kwamba wale watu wanakwenda pamoja bila chef wala kasha.

Ugonjwa ulimpata miaka michache baadaye. Kiharusi. Alipona akili na masikio na ulimi, hasa ulimi, lakini mkono wa kuume haukuamka. Mpwa wake alimchukua akaishi naye huko huko Nkanka. Alituma ujumbe kwamba tuendelee na asisumbuliwe na wageni wenye nyuso za msibani. Tukamtii. Tulimtii kupita kiasi.

Tulichofanya ni hiki. Kasha lilibaki mahali pake. Juu yake tuliweka kitenge chake cha buluu, alichokisahau ukumbini, kimekunjwa vizuri. Hakuna aliyepanda. Hakuna aliyethubutu hata kulisogeza wakati wa kufagia. Tulikuwa watu wazima sasa, wengi wetu: Tarumbeta anafanya kazi kwenye kiwanda cha saruji Bugarama, Obua anafundisha watoto Bukavu, mimi nakata nguo pamoja na baba na kufundisha fidla jioni. Lakini sote tulijua sheria. Kiti cha asiyekuwapo hakikaliwi. Tutapiga bila chef, tutamwangalia pale alipokuwa, na mikono yetu itaukumbuka wake. Mtu akiuliza, tulijibu kwa mitumbwi ya Nkanka.

Mwanzoni ilikwenda. Kisha fidla zikaanza kukimbia na selo kujivuta, na kwa kuwa fidla ni za huku na selo ni za kule, yale maneno yakaanza. Wale wa kule wazito. Wale wa huku hawana subira. Hakukuwa tena na wa kumtuma mtu kufagia ukumbi. Obua na Tarumbeta walibishana kuhusu mwendo wa kipande kimoja mpaka wakaacha kusalimiana, na Obua akaniambia, bila kicheko, kwamba Bukavu sasa kuna ukumbi, na labda ingekuwa rahisi kila upande ufanye wake. Nilirudi nyumbani siku hiyo na uchungu ambao sikuwa nao hata mpaka ulipofungwa. Mto haukuweza kutugawa, na sasa tulikuwa tunajigawa wenyewe kwa heshima.

Sijui nani alimpelekea habari. Jumamosi iliyofuata tulikuwa katikati ya kipande, fidla wameshafika mbele, selo bado wako nyuma, pikipiki ikasimama nje. Safari hii alingoja isimame kwanza. Aliingia ameshikwa na mpwa wake, amekonda, mkono wa kuume umelala tumboni, akakaa kwenye benchi la nyuma. Tukaacha kupiga mmoja mmoja. Aliangalia kasha na kitenge chake juu yake kwa muda.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Tarumbeta alisimama, mtu mkubwa wa viwandani, ameshika chombo chake kama mtoto aliyevunja kikombe. Alisema hakuna aliyekufa, ile ni nafasi yake, tunaichunga kama alivyotufundisha.

Maman Chef akauliza kama tunamkumbuka yule mtoto wa selo. Tuliitika. Akauliza kiti chake kilikuwa na nani sasa. Msichana wa Nzahaha, ambaye miguu yake ilikuwa imefika chini zamani, aliinua mkono.

"Kiti banachungiaka muntu mwenye atarudi," alisema Maman Chef. "Mi sirudi. Mukono imekufa. Munamungojea nani?"

Hapo nilimjibu, kwa kuwa nilijisikia kuonewa. Nilimwambia yeye mwenyewe ndiye aliyetupeleka Nkanka, tukaona mitumbwi inakwenda bila chef.

"Kuko moya mwenye anaanzaka wimbo," alisema, akinyoosha kidole kimoja. "Kila siku kuko moya. Weye ulikuwa nasikiliza nini kule, samaki?"

Watu walicheka, na katika kicheko kile nilimsikia Obua. Maman Chef hakucheka. Aliomba mpwa wake amletee kile kitenge, kwa sababu ukumbi ulikuwa na baridi, akajifunika nacho mabega kwa mkono wa kushoto. Kasha likabaki tupu, kasha la bia tu, rangi imebanduka. Kisha akaniita kwa jina langu. Miaka yote ile sikuwa nimelisikia kinywani mwake, na sikujua kama analijua.

"Zuhura. Panda."

Nilisema mimi ni alto. Nilisema alto ni mmoja tu, nikipanda sehemu yake itakosa mtu. Nilisema na mengine, kuhusu Obua kuwa hodari zaidi, kuhusu baba yangu na bia. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo peke yake lilinitisha, maana hakuwahi kumsikiliza mtu mpaka mwisho. Nikaweka alto yangu juu ya kiti, nikaenda, nikapanda. Ubao ulilia chini yangu. Niliona kila mtu kutoka pale, wa huku na wa kule, na wote walikuwa wananiangalia wakiwa na hasira na hofu na matumaini, na nilielewa kwa nini alihitaji kuwa mrefu.

Niliinua mkono. Nilisema umva, na tukaanza kile kipande kirefu. Fidla walitaka kukimbia, nikawashika. Selo walijivuta, nikawaita kwa mkono wa pili, na Obua akaniangalia, akaja. Tulikwenda hivyo, si vizuri, lakini pamoja, mpaka mahali ambapo alto inaingia. Nilikitazama kiti changu na chombo kimelala juu yake. Nikajiandaa kuhesabu kimya.

Kimya hakikuja. Kutoka kwenye benchi la nyuma, ndani ya kitenge cha buluu, Maman Chef aliiimba sehemu yangu, yote, kwa ile sauti yake mbaya inayokwaruza, bila kukosa hata nota moja. Safari hii hakuna aliyeinamisha kichwa.